Somo la Kusimama

Harshmani aligandisha kipande cha kioo juu ya ufa,
chembamba kama jani la kitunguu, kwa saruji mbichi,
akaandika tarehe kwa penseli.
"Kikivunjika," akasema, "mlima umetembea."
Kisha akachovya brashi kwenye kopo la rangi nyekundu,
akauchora ukuta wangu X,
mikono minne, kila mmoja ukidondosha machozi yake.

Miaka kumi na tisa nimefundisha yoga hapa Garhwal.
Wageni walikuja kutoka Delhi, Pune, na mbali zaidi,
wakiwa na mikeka ya mpira mgongoni.
Niliwaambia: chakra ya kwanza iko chini kabisa,
pale uti wa mgongo unapokoma,
pale mtoto anapokalia kabla hajajua kutambaa.
Muladhara. Ua jekundu lenye petali nne.
Sauti yake ni lam. Asili yake ni udongo.
Niliyasema hayo kwa wepesi,
kama mtu anayetaja bei ya viazi.

Sakafu ilikuwa bado haijanijibu.

Siku hizi usiku nasikia nyumba ikitafuna mawe.
Mlango wa jikoni haufungi; juzi ulikuwa haufunguki.
Mpira wa mtoto wa jirani, ukiuweka katikati ya chumba,
unaondoka wenyewe, bila haraka, kuelekea bondeni,
kama mgeni aliyeona haya kuaga.

Jumanne Harshmani akarudi kukisoma kioo.
Nikaliona goti lake likicheza ndani ya suruali.
Vijiji kumi na viwili, alisema, nyumba mia nne,
na akilala, kitanda chake kule mjini kinaelea,
ingawa mji wake haujapasuka popote.

"Vua buti," nikamwambia.
Akacheka. Nikangoja. Akavua.
Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu penye dole gumba.

Shamba la viazi, umande umeganda.
Simama. Usishike kitu.
Tandaza vidole kama vya bata.
Kisigino, ukingo wa nje, kisha tumbo la dole gumba:
vyote vibebe. Goti usilikaze,
goti lililokazwa ni la gwaride, halisikii.
Pumua hadi chini ya kitovu, chini zaidi,
huko tunakoonea aibu. Achia.
Sasa chuchumaa. Ndiyo, kama chooni;
ndivyo bibi zetu walivyopalilia,
na hakuna aliyewalipa kwa kuita yoga.
Viwiko ndani ya magoti. Viganja vikutane.
Sema lam, si kwa koo, kwa nyonga.

"Na ardhi ikihama?" akauliza, macho kayafumba.

Ningeweza kumpa jibu la wageni.
Nikaikumbuka nyumba ya Bachni,
ilivyoteremka na sufuria za harusi zikiwa bado mekoni.
"Ikihama," nikasema, "nyayo zitakuambia
kabla ya kioo."
Sijui kama ni kweli. Nilitaka iwe.

Alikaa vile mpaka mbavu zake zikaacha kugombana.
Alipoinuka, udongo umemganda suruali,
akaitazama ile X yake ukutani,
akasema polepole, kama anayehesabu milimita:
"Ina petali nne."
Nilitamani nimpige.
Nikaenda kumpikia chai, kwa kuwa maji yalishachemka.

Kioo kilivunjika Ijumaa, saa kumi alfajiri,
kwa sauti ndogo, kama njiti ya kiberiti ikikatika.
Sikukimbia mara moja.
Niliketi sakafuni, makalio juu ya jiwe tupu,
si kuaga, wala kuomba.
Kilo hamsini na tatu: zilikuwa zangu,
hakuna nyumba iliyowahi kunibebea.

Jirani alikuwa ameanza kuita majina gizani.
Nikawasha taa, nikachukua ufagio kwanza,
vile vipande visije kumkuta
mtu anayepita peku.